Ukali wa wembe au ukali wa bucha: uchague makali gani kwa kazi yako

Muuza visu akitaka kukushawishi hushika karatasi ya gazeti hewani kwa mkono mmoja, akaipitishia kisu kwa mkono wa pili, nayo ikaachana vipande viwili bila kukwaruza. Jaribio hilo ni la haki. Kisu kisichoweza kukata karatasi hakijanolewa. Lakini linakuambia jambo moja tu, kwamba kwa sasa ukingo wa makali ni mwembamba. Halikuambii kama kisu kitapita kwenye boga bila kukwama, kama kitabaki hivyo mpaka wiki ijayo, wala kama kitavumilia kugonga mfupa wa mbuzi.

Anayetaka kisu kikali sana anataka mambo manne kwa pamoja: ukingo mwembamba, chuma chembamba nyuma ya ukingo huo, makali yaliyolainishwa kwa kiasi kinachoifaa kazi, na hali hiyo idumu. Hakuna kisu kinachoyapata yote manne kwa kipimo cha juu. Ukiongeza moja, jingine linapungua. Ndiyo maana nayalinganisha hapa, ili ukienda dukani, kwa mhunzi au kwa mnoaji ujue unaacha nini unapochagua nini.

Ukingo wenyewe

Makali ni mahali ambapo pande mbili za bapa zinakutana. Kwa hesabu ya darasani zingekutana kwenye mstari usio na unene. Kwenye chuma halisi daima kuna mviringo mdogo pale mwishoni, na kadiri mviringo huo unavyokuwa mdogo ndivyo kisu kinavyohitaji nguvu kidogo kuanza kukata.

Unywele wa mtu una unene wa mikroni 50 hadi 100 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kisu cha jikoni kilichonolewa na mkono wenye uzoefu kina ukingo usiofika mikroni 1. Wembe mpya wa kunyolea hushuka hadi karibu sehemu ya kumi ya mikroni. Juu ya vyote kuna obsidiani, kioo cheusi cha volkano, ambacho kikivunjwa kwa ustadi hutoa ukingo wa nanomita chache (nanomita elfu moja hufanya mikroni moja). Watu wa kale wa Bonde la Ufa walikithamini mno: walikichukua katika mlima Eburru, karibu na Naivasha, na vipande vyake vimekutwa mbali na hapo. Kwa wembamba wa ukingo peke yake, jiwe lao linaishinda feleji yoyote tuliyo nayo jikoni.

Kwa nini basi hatupikii kwa obsidiani wala kwa wembe? Kwa sababu ukingo mwembamba kiasi hicho hauna nyama ya kuushikilia. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao juu ya wembe na nywele. Unywele ni laini kuliko feleji ya wembe mara 50 hivi, lakini unaharibu wembe. Waliona kwamba unywele ukijipinda mbele ya makali hubana ukingo upande mmoja, na pale ambapo muundo wa ndani wa chuma haulingani, chembe inamomonyoka. Ikiwa ndevu zinaweza kuufanyia hivyo wembe, fikiria mfupa wa kuku.

Wanoaji wengi, hasa Marekani, hutumia kipimo kinachoitwa BESS. Uzi maalumu hutandazwa juu ya mizani, makali yakakandamizwa juu yake mpaka ukatike, kisha gramu zilizohitajika zikasomwa. Namba ndogo ndiyo nzuri. Wembe wa pande mbili huwa karibu na gramu 50, na visu vingi vya jikoni vikitoka dukani huwa juu ya 150. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu kinaondoa ubishi, ila nacho kinapima ukingo tu, tena sehemu moja ya ukingo.

Sheffield, Uingereza, kuna mashine ya CATRA, taasisi ya utafiti wa visu na zana za kukatia, inayouliza swali jingine. Kisu hupelekwa mbele na nyuma kwenye bunda la karatasi ngumu zilizochanganywa na chembe za silika, zikihesabiwa milimita kilizokata. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8442-5 kinatoa matokeo mawili yaliyotenganishwa: ukali wa mwanzo, na jumla ya kilichokatwa mpaka mwisho. Kisu kinaweza kuongoza kwa la kwanza na kuburuta mkia kwa la pili. Muuzaji akikuambia "hiki ni kikali kuliko kile", muulize: mwanzoni, au baada ya mwezi?

Unene nyuma ya makali, jambo wanunuzi wengi wasiloangalia

Kama ningeruhusiwa kumfundisha mnunuzi jambo moja tu, ningechagua hili. Kisu kinaweza kunyoa nywele za mkono na bado kikashindwa na karoti.

Chukua karoti nene na visu viwili vyenye ukingo unaolingana. Kimoja ni kisu cha mpishi cha mtindo wa Kijerumani, bapa nene, na milimita 0.5 hivi za chuma mara tu juu ya makali. Kingine ni cha mtindo wa Kijapani, chenye milimita 0.2 au 0.3 mahali hapohapo. Cha kwanza kinaingia vizuri, kisha katikati karoti inapasuka kwa mlio, kwa sababu bapa limekuwa kabari linaloisukuma kando kabla makali hayajafika chini. Cha pili kinashuka mpaka kwenye ubao. Utaona hivyohivyo kwa viazi vitamu, boga na muhogo mbichi. Kwa nyanya au nyama isiyo na mfupa tofauti inapungua sana, maana vitu laini vinasogea vyenyewe kulipisha bapa.

Pembe ya makali nayo inaingia hapa. Visu vya Ulaya hunolewa kwa nyuzi 18 hadi 20 kila upande. Vya Kijapani vya pande mbili huwa kati ya nyuzi 10 na 15. Panga la shambani linafaa kwa nyuzi 25 hadi 30, na shoka la kupasulia kuni hata zaidi. Wengi hudhani pembe ndogo inamaanisha kisu kitaingia butu upesi. Majaribio ya CATRA yameonyesha kinyume chake mara nyingi: chuma kilekile kikinolewa kwa pembe ndogo hukata kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hata ukingo unapoanza kuchakaa, chuma kilichobaki nyuma yake bado ni chembamba na kinaendelea kupenya.

Sharti lake ni kwamba makali yasipinde wala yasimomonyoke. Kwenye sharti hilo ndipo visu vingi vizuri vinapokufa. Kisu chembamba cha nyuzi 12 ukikigongesha kwenye mfupa, kwenye nyama iliyotoka kuganda friza, kwenye papa mkavu au kifuu cha nazi, utainua kisu chenye pengo unaloliona kwa macho. Hata kukipindua kisu kikiwa ndani ya boga gumu kunatosha. Panga la nyuzi 28 litafanya kazi hizo zote mchana kutwa, nawe utalirudisha kwa tupa jioni.

Kwa hiyo, kati ya wembamba na uthabiti, mimi nachagua wembamba kwa kisu cha jikoni na kuweka kando kisu kingine kizito, cha bei ndogo, kwa mifupa. Kumiliki visu viwili vya kawaida vyenye pembe tofauti ni bora kuliko kisu kimoja cha gharama kinacholazimishwa kila kazi.

Chuma laini, chuma kigumu, na springi ya gari

Ugumu wa feleji ya visu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell C, kifupi chake HRC; namba ikiwa kubwa, chuma ni kigumu zaidi. Visu vingi vya Kijerumani hutengenezwa kwa feleji inayoandikwa X50CrMoV15, yenye kaboni asilimia 0.5 na kromiamu asilimia 15, na ugumu wake huwa karibu HRC 56. Wajapani wana feleji iitwayo shirogami, ya kaboni iliyopita asilimia 1 bila kromiamu ya maana, ambayo hufikishwa HRC 61 na kuendelea, na VG-10 isiyoshika kutu kwa urahisi, inayokuwa karibu HRC 60.

Tofauti ya HRC 56 na 62 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini jikoni ni tabia mbili. Chuma laini makali yake yanapinda. Yakipinda, unayanyoosha kwa fimbo ya chuma kama ile ya wauza nyama, mipigo michache tu, na kisu kinarudi kazini. Chuma kigumu hakipindi, kinabaki wima muda mrefu, na kikizidiwa kinavunjika chembechembe. Hapo fimbo haisaidii, unahitaji jiwe. Mwenye haraka, mwenye wasaidizi wengi jikoni, au anayepikia watu mia kwenye harusi atahudumiwa vizuri zaidi na chuma laini. Anayepika kwa utulivu, akiosha kisu chake mwenyewe na kukiweka mahali pake, atafurahia kigumu.

Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield alipata feleji yenye kromiamu nyingi iliyokataa kushika kutu, na tangu hapo visu vya kaboni tupu vimekuwa vikipungua majikoni. Leo feleji ikiwa na kromiamu kuanzia asilimia 10.5 huhesabiwa kuwa isiyoshika kutu, ingawa ukiiacha kwenye maji ya chumvi usiku kucha itakuonyesha madoa. Kwa watu wa pwani hili si jambo dogo. Hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja ina chumvi na unyevu, na kutu huanza kula ukingo kabla haijaonekana kwenye bapa. Kisu cha kaboni kilichokuwa kikali jana kinaweza kuamka kizito bila kukata kitu. Ndimu, ukwaju na embe bichi hukitia weusi dakika hiyohiyo, na kitunguu kilichokatwa kwa kisu kipya cha kaboni huweza kubadilika rangi. Ukiwa tayari kukifuta kila baada ya kukata, kaboni inakulipa: inanoleka upesi kuliko feleji nyingi zenye kromiamu na inafika ukingo safi kwa juhudi ndogo. Usipokuwa tayari, nunua isiyoshika kutu na usisikie lawama ya mtu.

Kisha kuna kisu cha mhunzi wetu, kilichofuliwa kwa springi ya gari. Wengi hukidharau bila kukijaribu. Chuma cha springi huwa na kaboni karibu asilimia 0.6, kinavumilia kugongwa, na kikizimwa moto vizuri kinashika makali mazuri kwa kazi za nyama na shamba. Shida ni kwamba ubora unategemea jinsi mhunzi alivyokizima na kukirudishia moto mdogo baadaye, na kwa macho hutajua. Nenda na tupa. Ipitishe taratibu karibu na makali: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu, ikiuma na kutoa unga kwa urahisi, chuma ni laini, na makali hayatadumu. Mhunzi mwaminifu hatakukataza.

Visu vya seramiki nitavipitia haraka. Ukali wao wa mwanzo ni mzuri na unadumu kwenye matunda na mboga laini, havishiki kutu kabisa, lakini ni vyepesi kuvunjika na jiwe la kawaida haliwezi kuvinoa. Kikiangukia sakafu ya saruji, umekipoteza.

Makali laini au makali yenye meno

Ukiangalia makali kwa hadubini, jiwe la kunolea huacha mikwaruzo inayofika mpaka ukingoni, na mikwaruzo hiyo ndiyo meno madogo ya kisu. Namba ya jiwe ikiwa kubwa, chembe zake za kusugulia ni ndogo: jiwe la namba 400 huacha meno makubwa, 1000 huacha madogo, na 6000 huyafuta karibu yote. Hapa ndipo mashabiki wa visu wanapokosana, kwa sababu kila mmoja anapima kwa kazi yake.

Mwaka 2012 wanafizikia, mmoja wao L. Mahadevan wa Harvard, walionyesha kwa kukata jeli kwamba kisu kinachovutwa huku kikishuka kinahitaji kukandamizwa kidogo sana kuliko kisu kinachoshushwa moja kwa moja. Kila mpishi anaijua siri hiyo mkononi mwake. Meno yanafaa pale unapovuta. Nyanya yenye ganda linaloteleza, pilipili hoho, nyama mbichi, kamba ya katani: makali ya namba 400 hadi 1000 yanauma papo hapo, tena yanaendelea kuuma siku nyingi. Makali yaliyolainishwa sana yanaweza kuteleza juu ya ganda la nyanya, hasa yakishapoteza ule ukali wa siku ya kwanza.

Ulaini unashinda pale unaposukuma, au pale ambapo sura ya mkato ina maana. Kunyoa ni mfano ulio wazi. Samaki mbichi ni mwingine: wapishi wa Japani humkata jodari kwa kisu kirefu kinachonolewa upande mmoja, kwa mvuto mmoja, na nyama inabaki inang'aa kwa sababu haijachanwa. Kitunguu pia kinanufaika, maana kisu kikali kinakata seli badala ya kuzisaga, na gesi inayochoma macho inapungua. Anayekata sukumawiki nyembamba sokoni, fungu limebanwa kiganjani na kisu kikienda kasi mbele ya vidole, anahitaji ukingo safi uliokamilishwa kwenye jiwe la namba ya kati. Butu kidogo tu, majani yanasagika, yanatoa maji na kugeuka rangi kabla mnunuzi hajafika nyumbani.

Kazi ambayo ukali wake hauna mjadala ni kuchinja. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws, Mtume anaamrisha anayechinja akinoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake. Kwa Wayahudi, kisu cha kuchinjia ni kirefu, hakina ncha, na mchinjaji hukipitisha kwenye kucha kabla na baada ya kazi kutafuta pengo lolote. Likipatikana dogo tu, kisu hakifai. Nafikiri kanuni hizi mbili zinamfundisha hata asiye na dini jinsi ya kuchagua. Kinachotakiwa ni makali marefu, yaliyolainishwa, yasiyo na pengo hata moja, yatakayomaliza kwa mwendo mmoja. Meno makubwa ya tupa yanachana, na kisu kifupi kinalazimisha kurudiarudia. Kisu cha bucha kilichokuwa kikigonga mifupa asubuhi kisipewe kazi hiyo jioni.

Jiwe, msasa, cherehe, fimbo na kinoleo cha kuvutia

Makali ni kazi ya mnoaji zaidi ya kazi ya kiwanda. Hata kisu cha bei kubwa kinamaliza makali ya kiwandani, na baada ya hapo kitakuwa kikali kwa kadiri ya njia unayokinolea.

Jiwe la maji lenye pande mbili, 1000 na 6000, ndilo ninalompendekezea yeyote mwenye subira. Linakupa uhuru wa kuchagua pembe na kiwango cha ulaini. Kinoo cha kijivu cha kaborandamu kinachouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi ni kikavu zaidi na kikwaruzo, ila upande wake mwororo unatosha kabisa kwa kisu cha nyumbani na kwa panga. Ukikosa vyote, nunua msasa wa maji unaotumiwa na mafundi rangi wa magari, namba 400, 1000 na 2000, uulaze juu ya kipande cha kioo au kigae kilichonyooka. Matokeo yake yanalingana na ya jiwe zuri. Tofauti ni kwamba msasa unaisha, na lazima uvute kisu kuelekea mgongoni, la sivyo utauchana.

Pembe ndiyo inayowatisha wanaoanza. Ipime kwa urefu badala ya kukisia. Kisu chenye upana wa milimita 45 kutoka mgongo hadi makali ukikiinua mgongo milimita 12 juu ya jiwe, uko karibu nyuzi 15. Ukikiinua milimita 15, uko karibu nyuzi 20. Shikilia urefu huo. Noa upande mmoja mpaka kidole kikisikia utando mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa pili, kuanzia kwenye mpini hadi nchani, kisha geuza. Utando huo ndio ushahidi kwamba umefika kwenye ukingo. Wengi huacha kunoa kabla haujatokea, na kisu kinabaki vilevile. Wengine huuacha uning'inie: kisu kinakata karatasi vizuri ajabu kwa nusu saa, kisha utando unakatika na kisu kinaonekana butu kuliko mwanzo. Umalize kwa kupunguza uzito wa mkono na kubadilisha upande kila mvuto, halafu mipigo kadhaa kwenye mkanda wa ngozi.

Cherehe ya fundi wa baiskeli anayepita mitaani ni msaada mkubwa kwa panga, jembe, shoka na kisu kilichovunjika ncha. Inaondoa chuma kingi kwa dakika chache. Kwa kisu chembamba ina hatari mbili. Ya kwanza ni joto: ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu, chuma hapo kimefika karibu nyuzijoto 300 za Selsiasi na ugumu wake umepungua, sehemu hiyo haitashika makali mpaka inolewe yote iishe. Ya pili ni kwamba kisu hupungua upana haraka na unene nyuma ya makali unaongezeka. Mwombe fundi akichovye kisu kwenye maji kila mpitisho mmoja au miwili, abonyeze kidogo, na umalizie mwenyewe kwenye jiwe.

Fimbo ya chuma hainoi kwa maana ya jiwe. Kazi yake kubwa ni kunyoosha. Mwuza nyama anayeipiga kila baada ya vipande vichache anafanya jambo sahihi kwa chuma chake laini. Kwa kisu cha HRC 61 iache, itakuvunjia ukingo.

Kinoleo cha kuvutia, kile chenye vipande viwili vilivyopishana vya kabaidi, madini magumu kuliko feleji, sikipendekezi kwa kisu unachokithamini. Kinachuna chuma, kinaacha makali yaliyochanika, na pembe yake ni moja kwa visu vyote. Lakini kwa nyumba ambayo hakuna atakayekaa na jiwe, ni bora kuliko kisu butu, kwa sababu kisu butu kinasukumwa kwa nguvu, kinateleza juu ya kitunguu na kuishia kidoleni. Kikali nacho kikikupata kinaingia ndani. Tofauti ni kwamba hukulazimika kukisukuma, kwa hiyo kinakwenda unakokipeleka.

Ukikishika mkononi, kijaribu hivi

Karatasi ya gazeti ikatwe kutoka kwenye mpini hadi nchani kwa mwendo mmoja. Sauti ikibadilika au kisu kikikwama mahali, hapo kuna pengo au sehemu iliyopinda. Kata pia kwa kuvuka uelekeo wa nyuzi za karatasi, kwa sababu upande mmoja ni mgumu kuliko mwingine. Nyanya iliyoiva iwekwe ubaoni bila kushikwa. Kisu chenye meno mazuri kinaingia kwa uzito wake kikivutwa. Chini ya taa kali, elekeza makali juu: ukiona mstari au nukta inayong'aa, hapo ni butu, maana ukingo mkali hauna sehemu pana ya kurudisha mwanga. Nywele za mkono zinapima ulaini wa ukingo tu, na si lazima kisu cha mboga kizinyoe. Usijaribu kwa kupitisha kidole kufuata makali.

Nani achukue nini

Mama lishe au mpishi wa hoteli anayekata kutwa nzima, visu vikishikwa na watu wengi: feleji isiyoshika kutu ya HRC 56 hivi, nyuzi 18 hadi 20, imalizwe jiwe la 1000, na fimbo karibu na ubao. Hakitavunja rekodi ya ukali wa mwanzo, lakini kila saa kitakuwa tayari.

Anayepika nyumbani na kupenda kazi hiyo: kisu chembamba cha HRC 60 au zaidi, nyuzi 15, kimalizwe namba 3000 au zaidi kikiwa cha samaki na mboga, 1000 kikiwa cha nyanya na nyama. Kama unaishi bara, penye hewa kavu, na una desturi ya kufuta, kaboni tupu itakufurahisha. Pwani, chukua chenye kromiamu.

Bucha linahitaji viwili: kirefu chembamba cha kuchambulia nyama, na kizito cha nyuzi 25 kila upande kwa mifupa. Vikitumika kwa kubadilishana, vyote viwili vitaharibika. Kwa shamba, panga la chuma laini linaloweza kurudishwa kwa tupa linatosha, na ukilinoa kwa nyuzi 15 litakunjika kwenye gogo la kwanza.

Na wenye kisu butu kabatini, kabla ya kununua kipya: kitazameni unene wake nyuma ya makali. Kikiwa chembamba, kinahitaji jiwe na saa moja ya jioni. Kikiwa kinene kwa sababu kimenolewa miaka mingi bila bapa kupunguzwa, mpelekeeni mnoaji mwenye jiwe kubwa apunguze chuma kwenye bapa lenyewe, juu ya makali, ndipo anoe ukingo. Wengi wanaosema kisu chao kimezeeka wanacho kisu kizima kilichonenepa tu.